Taa ya Dashibodi si Pambo

  Leo nina habari ya taa ndogo sana, ndogo kuliko punje ya maharage. Wengi wenu mnazo hizo taa garini na hamjawahi kuziona kwa macho. Mwenye gari huzijua siku zinapozimika, na hata siku hiyo husema, "Aa, hiyo si kitu, nitatengeneza mwezi ujao."

Mimi nilisema hivyo kwa miezi saba. Nisikilizeni yaliyonipata.

Ilikuwa usiku wa masika. Tulikuwa tunatoka msibani Morogoro kurudi Dar es Salaam, na garini tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, shemeji yangu na watoto wake wawili. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililotengenezwa mwaka 1998. Mvua ilitukuta tumekwisha kupita Chalinze. Tukafunga vioo vyote, wipa zikafanya kazi, na kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri. Kisha kioo cha mbele kikaanza kuweka ukungu kwa ndani, kwanza kwenye pembe, halafu katikati, mpaka nikawa naona njia kama mtu anayechungulia kupitia chandarua.

Dawa yake naijua. Unageuza kitufe cha kuelekeza hewa ipulize kioo, unawasha kiyoyozi, na unasogeza kile kijiti kinachoamua kama hewa itoke nje au izunguke ileile ya ndani. Lakini vitufe hivyo vyote vilikuwa gizani. Taa za nyuma ya vitufe zilikuwa zimekufa. Nikapapasa, nikageuza kimoja, kumbe ni cha joto. Basi nikafanya kosa ambalo kila dereva amewahi kulifanya: nikainamisha kichwa nitazame.

Mke wangu akapiga kelele, "Baba Asha, mbele!"

Mbele palikuwa na lori limeharibika, limesimama katikati ya upande wetu, halina taa hata moja nyuma. Dereva wake alikuwa ameweka matawi ya miti barabarani kama ilivyo desturi yetu, na nilisikia magurudumu yangu yakiyasaga yale matawi kabla sijaliona lori lenyewe. Nilipinda usukani, na kwa rehema za Mungu upande wa pili hapakuwa na gari linalokuja. Tulisimama mbele kidogo. Hakuna aliyesema neno.

Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu. Nilikuwa nakwenda kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Nilitazama vitufe kwa sekunde tatu hivi. Kwa hiyo nilikwenda mita 50 bila dereva, nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, nikiwa nimebeba watu wanne, kwa sababu ya balbu ambayo ningeweza kuibadilisha mchana wowote.

Ndugu zangu, tuanze na ule ukungu, maana ndio unaotupeleka kwenye vitufe. Watu watano waliolowa, wakipumua ndani ya gari lililofungwa, hujaza hewa unyevu. Mvua ya nje hupoza kioo. Hewa yenye unyevu ikigusa kioo cha baridi, unyevu hugeuka matone madogo madogo, na hayo ndiyo ukungu. Kiyoyozi husaidia kwa sababu hewa inayopita kwenye mabomba yake ya baridi huacha maji hukohuko, ikaja kwenye kioo ikiwa kavu. Ndiyo maana utaona maji yakidondoka chini ya gari lenye kiyoyozi. Lakini kama kijiti kipo upande wa kuzungusha hewa ya ndani na kiyoyozi hakijawashwa, unazungusha pumzi zenu zilezile, na ukungu huongezeka. Vilevile, sisi tunaokaa pwani ambako hewa ya nje ni ya joto na unyevu mwingi, tukipuliza baridi kali kwenye kioo kwa muda mrefu, ukungu huhamia upande wa nje. Huo huondoka kwa wipa, na kwa kupunguza ubaridi. Kwa hiyo vitufe hivi dereva huvigeuza mara nyingi katika safari moja ya mvua, naye anahitaji kujua kila kimoja kimeelekea wapi.

Sasa twende kwenye taa. Magari mengi tunayoyaendesha yalianza maisha yake Japani, ambako nao hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na yanatufikia yakiwa na umri wa kutosha. Nyuma ya vitufe vya hita na kiyoyozi, magari ya zamani yana balbu mbili, tatu au nne. Hazina shingo ya chuma kama balbu ya nyumbani. Ni kioo kitupu kilichobanwa bapa chini, na nyaya zake mbili zimekunjwa ubavuni. Madukani utasikia zikiitwa T5, T4.2 au T3, na namba hiyo inakaribia unene wa kioo kwa milimita. Ile ya T5 kwa kawaida ni ya wati 1.2. Balbu hukaa ndani ya holda ya plastiki, na holda huzungushwa robo mzunguko ikatoka.

Ndani ya balbu hiyo mna uzi mwembamba wa madini ya tungsteni. Umeme ukipita, uzi hupata moto kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ukang'aa. Sehemu kubwa ya umeme hupotea kuwa joto, na nuru ni kidogo tu inayosalia. Kadiri miaka inavyokwenda, uzi hupukutika taratibu, kioo hugeuka cheusi kwa ndani, na siku moja, pengine kwa sababu ya shimo la barabarani, uzi hukatika. Hapo balbu haina hila wala dosari. Imemaliza siku zake. Za gari langu zilidumu zaidi ya miaka 20, na hiyo ni kazi ya heshima.

Taa ya LED ni kitu kingine kabisa. Haina uzi wala haihitaji kupata moto ndipo itoe nuru. Ni kipande kidogo cha madini yaliyopikwa kitaalamu, chenye pande mbili zilizounganishwa. Umeme ukivuka mpaka wa pande hizo, hutoa nuru palepale mpakani. Mwaka 1962 Nick Holonyak, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi General Electric, alitengeneza LED ya nuru nyekundu inayoonekana kwa macho. Rangi ya buluu ilisumbua wataalamu kwa miaka 30 hivi baada ya hapo, mpaka Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipofanikiwa. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Na msishangae tuzo kubwa namna hiyo kutolewa kwa rangi moja. Taa nyeupe za LED tunazonunua leo, nyingi ni za buluu kwa ndani, zimefunikwa unga wa manjano, na mchanganyiko wake macho yetu huuona mweupe.

Basi nilipoambiwa kuwa naweza kuziondoa balbu za zamani nikaweka LED, nilifurahi. Hazili umeme mwingi, hazipati moto kama balbu, hazina uzi wa kukatika, na zikifungwa vizuri hudumu sana. Nikamwendea fundi mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja mtaa wake. Alifanya kazi kwa nusu saa. Jioni nilipowasha taa, dashibodi yote iling'aa buluu kama ukumbi wa harusi. Watoto walipiga makofi. Nami nilijiona nimekuwa mtu wa kisasa.

Furaha hiyo ilidumu majuma mawili. Kwanza niligundua kuwa usiku ile buluu ilikuwa inaakisi kwenye kioo cha mbele, nikawa naona vitufe vyangu vimening'inia barabarani. Halafu taa moja ikaanza kupepesa, nyingine ikafifia. Siku moja jioni zote zikazimika kwa pamoja, na taa za kwenye mita pia. Nikasema, "Basi, LED zimekufa, kesho nitamrudia fundi." Nikaendelea na safari yangu.

Kwenye foleni ya barabara ya Mandela, kijana wa bodaboda akanigongea kioo. Akasema, "Mzee, nyuma huna taa kabisa! Nimekuona uliposhika breki tu."

Wasikilizaji, nilishuka nikatazama. Ni kweli. Gari langu lilikuwa giza tupu kwa nyuma. Nikakumbuka lile lori na yale matawi.

Sababu nilielezwa baadaye, na ndiyo habari ambayo ningependa mwondoke nayo leo hata kama mtasahau mengine yote. Katika magari mengi ya Kijapani, taa za dashibodi zinapata umeme kutoka kwenye fyuzi ileile ya taa ndogo za mbele na taa za nyuma. Ndiyo maana ukiwasha taa ndogo, dashibodi nayo huwaka. Taa za breki zina fyuzi yake mbali. Yule fundi aliacha mguu mmoja wa LED wazi bila tepu, mtikisiko wa barabara ukausogeza mpaka ukagusa chuma, fyuzi ikakatika kama inavyopasa, na taa zote za njia hiyo zikazimika pamoja nayo. Kwa hiyo, ndugu dereva, taa za dashibodi yako zikizimika zote kwa mara moja, usiseme ni balbu. Simama mahali salama, shuka, tazama nyuma ya gari lako. Na fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa fyuzi ya namba ileile. Ikiwa ni ya ampea 10, weka ya ampea 10. Asikudanganye mtu kuunga kwa waya au kuweka ya ampea 30, maana hapo kitakachokatika badala ya fyuzi ni nyaya zenyewe, na nyaya hukatika kwa moto.

Fundi wa pili nilimpata maeneo ya Gerezani. Ni mtu wa makamo, si mwepesi wa maneno. Kabla hajashika bisibisi aliniuliza, "Mzee, unaendesha sana mchana au usiku?" Nikamjibu, mara nyingi usiku. Akasema, "Basi hizi buluu tutazitoa." Nilikaa naye kutwa nzima, nikamwuliza maswali ya kitoto, naye alinivumilia. Ninayoyaeleza sasa ni yake.

Jambo la kwanza ni kipimo cha umeme. Tunasema betri ya gari ni ya volti 12, lakini injini ikiwaka, jenereta hupandisha mpaka volti 14 na zaidi kidogo. LED moja nyeupe inahitaji volti tatu na kidogo tu. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, hufa mara moja. Ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa bomba la zimamoto. Ndipo inapotakiwa rezista, kile kijiti chenye mistari ya rangi, kazi yake ni kuuzuia umeme upite kwa kiasi. Hesabu yake si ngumu. Chukua volti 14.4, toa 3.2 za LED, inabaki 11.2. Gawanya kwa rezista ya omu 1,000, unapata sehemu 11 kati ya sehemu elfu moja za ampea. Ukiweka rezista ya omu 560, unapata 20, ambacho ndicho kipimo cha juu cha LED nyingi ndogo. Fundi wangu alichagua 1,000. Alisema taa hii haitakiwi kung'aa, inatakiwa kuonekana, na ikipewa nusu ya nguvu yake itaishi muda mrefu zaidi.

LED nyingi zinazouzwa tayari kwa magari zina rezista ndani. Tatizo ni kwamba nyingine zimewekewa rezista ndogo mno ili zing'ae sana dukani na mnunuzi avutiwe. Za kwangu za buluu zilikuwa hivyo. Zilijichoma zenyewe. Ukitaka kujua, washa moja kwa dakika kumi ukiwa na injini inayounguruma, kisha iguse. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, usiifungie ndani ya plastiki ya dashibodi.

Jambo la pili ni upande. Balbu ya zamani haijali chanya wala hasi, ukiiweka vyovyote huwaka. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukiichomeka kinyume haiwaki, na wengi hapo hudhani ni mbovu wakaitupa. Itoe, igeuze, irudishe. Ile inayouzwa peke yake ina miguu miwili, na mguu mrefu ndio wa chanya. Kwa sababu hiyo, hakikisha umejaribu taa zote kabla hujarudisha dashibodi. Nimeona mtu akifunga skrubu nane ndipo awashe taa, kisha akafungua skrubu nane.

Jambo la tatu ni jinsi nuru inavyosambaa. Balbu ya uzi hutoa nuru pande zote, kama kibatari. LED hutoa nuru mbele, kama tochi. Nyuma ya vitufe mna plastiki nyeupe inayopokea nuru ya balbu na kuisambaza mpaka pembeni. Ukiweka LED yenye kichwa cha mviringo, katikati patakuwa na doa kali na pembeni patakuwa giza, kwa hiyo alama ya kiyoyozi utaiona na ya kioo cha mbele hutaiona. Fundi alichukua msasa laini akasugua kichwa cha kila LED mpaka kikawa kama kioo cha bafuni. Nuru ikatawanyika. Kuna nyingine pia zenye vipande vinavyotazama pande tatu au nne, nazo hufaa.

Jambo la nne ni rangi, na hapa wengi hukosea. Balbu nyingi za dashibodi huvalishwa kofia ndogo ya mpira, ya kijani au ya buluu. Kofia hiyo haiongezi rangi, bali inazuia rangi nyingine zisipite. Kwa hiyo ukiweka LED ya buluu ndani ya kofia ya rangi ya chungwa, karibu nuru yote itazuiliwa, utabaki na giza. Hata nyeupe ya LED, kwa kuwa asili yake ni buluu na ina wekundu kidogo, hufifia chini ya kofia nyekundu au ya chungwa. Kanuni ya fundi ni hii: weka nyeupe chini ya kofia ya kijani, au vua kofia uweke LED ya kijani. Sisi tulivua kofia tukaweka kijani, vitufe vikafanana na mita kama mwanzo.

Na kwa nini si buluu, wakati inapendeza? Kwa sababu ya macho. Usiku macho yetu hujizoesha giza polepole, na yanahitaji karibu nusu saa mpaka yafikie uwezo wake wote. Nuru kali huyarudisha nyuma mara moja, na macho yaliyozoea giza huathirika zaidi na buluu kuliko na nyekundu. Ndiyo maana katika kazi nyingi za usiku watu hutumia taa nyekundu hafifu. Dereva anayetazama vitufe vya buluu kali, akainua macho barabarani, kwa muda mfupi haoni mtu anayetembea pembeni bila taa. Nasi tunajua ni wangapi wanaotembea pembeni mwa barabara zetu usiku.

Jambo la tano ni kufifisha. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na mita cha kupunguza nuru. Katika magari ya zamani, kigurudumu hicho hupunguza umeme kwa kutegemea kwamba balbu zinavuta umeme mwingi. LED zinavuta kidogo sana, kwa hiyo unaweza kukizungusha mpaka mwisho na zisifififie kama ulivyozoea. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua rezista kubwa tangu mwanzo: ukikosa kupunguza kwa kigurudumu, uwe umekwisha kupunguza kwa rezista. Magari ya karibuni zaidi hufifisha kwa kuwasha na kuzima umeme haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na hayo hukubaliana vizuri na LED.

Sasa kazi yenyewe, kwa ufupi. Kwanza ondoa waya wa hasi wa betri. Ikiwa redio yako ina namba ya siri, itafute kabla hujaondoa. Ikiwa gari lina mfuko wa hewa wa usalama, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote, na plagi za manjano usizishike kabisa, maana ndizo za mfuko huo. Vuta vitufe vya kuzungusha, vingi hutoka kwa mkono. Fremu ya plastiki hushikwa na klipu. Itoe kwa kipande cha plastiki au bisibisi iliyoviringishwa kitambaa, usiitoe kwa hasira, kwani plastiki ya miaka 20 ni kama biskuti. Ukivuta paneli ya vitufe, angalia nyuma kuna kebo za chuma zinazokwenda kufungua na kufunga milango ya hewa. Usizikunje. Kebo ikikunjika, utakuwa na vitufe vinavyong'aa vizuri visivyogeuza kitu. Toa holda, badilisha taa, funga tepu kila mguu ulio wazi, rudisha betri, jaribu, ndipo ufunge.

Kwa wenye magari yenye paneli ya namba, yaani zile zinazoonyesha joto kwenye kioo kidogo, ushauri ni tofauti. Humo taa nyingi zimelehemiwa kwenye kibao cha umeme, na kile kioo cha namba huharibika kwa joto na mikwaruzo. Hiyo si kazi ya kujifunzia. Mpelekee anayejua kulehemu vitu vidogo, na umwulize amekwisha kufanya ngapi.

Nisije nikaonekana mpiga debe, niseme pia usichokipata. Usidanganywe kuwa LED za dashibodi zitakupunguzia mafuta. Balbu nne za wati 1.2 ni wati 4.8. Taa kubwa mbili za mbele, kwa balbu za kawaida za wati 55 kila moja, ni wati 110. Ulichookoa hakifiki hata sehemu ya ishirini ya hapo. Na asiyetaka LED asione haya. Balbu mpya ya aina ileile ya zamani, ikiwekwa kwenye holda yake, itakufanyia kazi vizuri kwa miaka mingi, haina chanya wala hasi, haihitaji hesabu, na kigurudumu cha kufifisha kitaitii. Mimi nilichagua LED kwa sababu sitaki kufungua tena. Jirani yangu alinunua balbu za zamani, naye anaona vitufe vyake kama mimi ninavyoona vyangu.

Mwisho niwape kazi mbili ambazo hazina gharama. Leo mchana, gari likiwa limesimama, kaa kwenye kiti chako, funga macho, na ujaribu kugeuza hewa iende kwenye kioo, uwashe kiyoyozi, na usogeze kijiti cha hewa ya nje. Rudia mpaka mkono ujue njia. Taa ni msaada, lakini mkono unaojua hauhitaji kuinamisha kichwa. Na jioni, rudisha gari nyuma karibu na ukuta, washa taa, tazama kwenye kioo cha nyuma kama unaona nuru mbili nyekundu ukutani. Ukiona moja, au hakuna, usiondoke.

Sijui dereva wa lile lori alikuwa na tatizo gani usiku ule. Nilimlaani njia nzima mpaka Kibaha. Majuma machache baadaye mimi mwenyewe nilipita katikati ya jiji bila taa za nyuma, na kama si yule kijana wa bodaboda, ningefika nyumbani nikalala bila kujua. Kijana yule kama unanisikia, asante sana. Siku ile sikukushukuru, nilikuwa na haya.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo. Nawatakia safari njema.